CNC YAKO YA KUJITENGENEZEA INAKOSEA VIPIMO? PIMA KWANZA, NUNUA BAADAYE

Leo ni kwa wale tunaouza mtandaoni vibao vya majina, saa za ukutani na mapambo ya mbao, na mashine tumeifunga wenyewe: Arduino Uno yenye GRBL, mota za stepa, skrubu ndefu au mkanda.

Mashine ikianza kukosea, wengi hukimbilia kununua mota mpya. Lakini stepa ni ngumu kufa. Tatizo ni kwamba mashine hizi hazioni. Arduino inatuma hatua na kuamini mota imezipiga zote. Isipozipiga, hakuna taarifa yoyote, inaendelea tu kuchonga pasipo. Kwa hiyo angalia aina ya kosa, ndilo litakalokuonyesha pa kushika.

Toa biti, zima mota ya kuchongea, funga penseli mahali pake na weka karatasi mezani. Twende kazi.

1. KILA KITU KINATOKA KIKUBWA AU KIDOGO
Iamuru isogee mm 100, pima kwa rula ya chuma. Kama inasogea 98, na ukiamuru 200 inasogea 196, hiyo ni setingi. Namba ni $100 kwa X, $101 kwa Y, $102 kwa Z. Chukua namba ya zamani, zidisha kwa ulichoamuru, gawanya kwa ulichopima. Mfano: 400 × 100 ÷ 98 = 408.16.

Hiyo 400 inatoka wapi? Mota ina hatua 200 kwa mzunguko, draiva inagawa kila hatua mara 16, jumla 3,200. Skrubu inayosogeza mm 8 kwa mzunguko inakupa 400. Mkanda wa GT2 wenye puli ya meno 20 husogea mm 40, unapata 80.

Umebadilisha draiva na sasa inasogea nusu kamili? Jampa zote tatu zikiwepo, A4988 inagawa mara 16, DRV8825 mara 32. Zidisha namba yako kwa 2, basi.

2. DUARA HALIKUTANI VIZURI
Kosa ni dogo, ni lilelile, na linatokea mashine inapogeuza. Huo ni mchezo, yaani kitu kimelegea. Ipeleke kwenye mm 50 ikitokea kushoto, weka alama. Ipitishe mbele, irudishe kwenye 50 ikitokea kulia, weka alama tena. Nafasi kati ya alama mbili ndiyo mchezo wako. Hapa usiguse $100! Angalia nati ya skrubu ndefu, beringi, mkanda uliolegea, na fremu kama inatikisika.

3. HERUFI ZINAHAMA, HAIRUDI SIFURI
Hatua zinapotea. Weka alama kwenye sifuri, ipeleke na kuirudisha mara 10 kwa kasi yako ya kawaida. Isiporudi kwenye alama, punguza nusu kasi ($110 hadi $112) na jinsi inavyochanganya mwendo ($120 hadi $122), kisha rudia. Ikirudi sawa, ulikuwa unaikimbiza kuliko nguvu zake. Isiporudi, fuata hizi:

- Kapla: chora mstari wa maka uvuke kapla na shafti. Mistari ikiachana baada ya kazi, kaza skrubu zake.
- Pagumu: zima umeme, sogeza kwa mkono mwanzo hadi mwisho. Panapokwama kuna vumbi au reli imepinda.
- Joto: inaanza vizuri, baadaye mota inakatakata. Draiva imechemka, weka feni.
- Waya: mota inatetemeka bila kuzunguka. Mara nyingi waya mmoja umeachia au jozi zimechanganywa. Zima umeme kabla ya kugusa. Kuchomoa mota umeme ukiwaka kunaua draiva.

Penseli inafaulu lakini mbao inaharibika? Basi mzigo ni mkubwa: biti butu, au unakata kina kirefu kwa mkupuo mmoja. Gawa kina mara mbili au tatu.

MUHIMU: Kabla ya kubadilisha namba yoyote, andika $$ na upige picha orodha yote kwa simu. Badilisha kitu kimoja, pima, ndipo uende kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, hata ikipona hutajua kilichoponya, na wiki ijayo unarudi palepale.

Mteja haijui GRBL wala kapla. Anachoona ni jina la mwanaye limepinda, na hiyo picha ndiyo atakayoiweka status. Kwa hiyo mashine ikiwa na hitilafu, mwambie mapema oda itachelewa, jaribu kwenye kipande cha mabaki, ndipo uweke mbao yake mezani.

Hifadhi posti hii, mtumie na mwenzako mwenye mashine. Kazi njema!