SADAKA ISIYOKATIKA

Ukoo wa Karimjee Jivanjee, Mabohora walioanza biashara Unguja tangu karne ya 19, umeacha funzo linalotuhusu sisi wa Masasi na Newala. Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, ni zawadi yao kwa mji; Bunge lilikutana humo miaka mingi kabla ya kuhamia Dodoma. Abdulkarim Karimjee alikuwa Spika toka 1956 hadi 1962. Mali zao nyingi zilitaifishwa mwaka 1967 na 1971. Hata hivyo mkono wao haukufumba, na mfuko wa ukoo umeendelea kusomesha vijana.

Waislamu huiita sadaka jaria: mtoaji hufa, thawabu zikaendelea. Uwanda wa Newala haushiki maji; vizazi vya akina mama vimeteremka mabondeni na kupanda na maji kichwani. Basi fedha za korosho ziingiapo, twaziomba koo zenye uwezo zisizimalize zote katika karamu. Birika moja la kuvunia mvua, likijengwa shuleni au msikitini, litalitunza jina la marehemu kuliko pilau ya siku moja. Kutoa ni moyo, wala si utajiri.