KUTOKA A1 KWENDA A0: TUSIPOTEZE MIAKA TULIYOKWISHA SOMA



Wengi wetu hapa Kamembe, pamoja na wenzetu wa chai ya Shagasha na wa kiwanda cha saruji cha Bugarama, tuna cheti cha A2. Baadhi wana A1, au walisoma chuo miaka miwili wakaacha kwa kukosa karo. Sasa wanataka A0, yaani shahada ya kwanza, nao wanauliza: je, ni lazima kuanza upya?

Kwanza, kuingia chuoni. Chuo Kikuu cha Rwanda hudai cheti cha kumaliza sekondari, nawe uwe umefaulu angalau masomo makuu mawili. Aliyesoma nje ya nchi, kwa mfano ng'ambo ya Rusizi huko Bukavu, sharti apate kwanza barua ya ulinganisho. Cheti cha sekondari hupelekwa NESA, na cha chuo hupelekwa HEC, Baraza la Elimu ya Juu.

Pili, krediti. Neno hili lisitutishe. Si mkopo wa SACCO. Krediti ni kipimo cha kazi ya mwanafunzi. Katika Rwanda krediti 1 ni saa 10 za kusoma, darasani na nyumbani pamoja. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120, na shahada ya miaka 4 ni krediti 480.

Basi tupige hesabu kama wafanyakazi. Krediti 120 ni saa 1,200, sawa na wiki 30 za kazi ya saa 40. Chuo kikikataa krediti zako za mwaka mmoja, umepoteza jasho hilo lote, na karo utailipa mara ya pili.

Nani anaamua? Ni chuo kinachokupokea. Hulinganisha somo kwa somo: ulisoma nini, kwa kiwango gani, na ulifaulu? Krediti za uhasibu hazitakusaidia sana ukihamia kilimo.

Kwa hiyo, ndugu, fanya haya kabla ya kulipa hata faranga moja:

1. Hakikisha kwamba HEC inakitambua chuo hicho na fani hiyo.
2. Chukua karatasi ya alama yenye muhuri, pamoja na maelezo ya kila somo.
3. Dai jibu la maandishi: krediti ngapi zimekubaliwa, na masomo gani yamebaki.
4. Uliza kama kuna masomo ya jioni au ya mwisho wa wiki yanayolingana na zamu yako.

Wala usingoje chuo kifungwe ndipo utafute karatasi zako. Mwaka 2020 serikali ilifunga vyuo binafsi kadhaa nchini, kikiwemo UNIK cha Kibungo, na wanafunzi wakalazimika kutafuta pa kuendelea. Wakati kama huo, karatasi ya alama ndiyo shahidi wa mwanafunzi.

Tunatunza hati ya mshahara ili tusidhulumiwe. Tutunze na hati za masomo vivyo hivyo. Mwenye karatasi asizozielewa azilete kwa mjumbe wa chama, tuzisome pamoja.