Akili Mnemba Katika Tiba ya Mifugo, Kutoka Laikipia Hadi Nyeri

Akili mnemba, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na mifano mingi badala ya kufuata kanuni zilizoandikwa moja moja, imekwisha kutumika katika nyanda za kaskazini mwa Mlima Kenya, ingawa huko ilianza na wanyamapori kabla ya ng'ombe. Mwezi Januari 2016, na tena Januari 2018, mamia ya watu, wengi wao wasio wataalamu, walitawanyika kwa siku mbili katika kaunti za Laikipia, Samburu, Isiolo, Meru na Marsabit, wakimpiga picha ya ubavu wa kulia kila punda milia wa Grevy waliyemwona. Kwa kuwa milia ya mnyama mmoja haifanani na ya mwingine, programu iliweza kulinganisha picha hizo na kutambua ni zipi zilizo za mnyama yule yule, na kutokana na hesabu hiyo ikakadiriwa kwamba Kenya ilikuwa na punda milia hao 2,350 mwaka 2016 na 2,812 mwaka 2018. Hakuna mnyama aliyehitaji kuchomwa sindano ya usingizi wala kuvishwa ukosi ili ahesabiwe.

Kwa daktari wa wanyama, jambo hilo ni zaidi ya sensa. Ugonjwa unapozuka, kama kimeta kilichowaua punda milia wa Grevy huko Wamba, Samburu, mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006, daktari anayemjua kila mnyama kwa alama zake anaweza kueleza ni nani aliyetoweka, nani aliyesalia na watoto wangapi wamekua. Katika kituo cha utafiti cha Mpala, karibu na Nanyuki, watafiti wamepiga hatua nyingine: picha za video zilizochukuliwa kwa droni zimetumiwa kuifundisha kompyuta kutofautisha twiga au punda milia anayekula na yule anayetembea au kukimbia. Mafunzo hayo yote yalitanguliwa na kazi ya binadamu waliokaa wakiandika, picha baada ya picha, kinachoonekana ndani yake.

Kuhamishia teknolojia ya namna hiyo kwa ng'ombe wa kaunti ya Nyeri kuna ugumu wake. Katika Tetu, Othaya, Mukurweini na Mathira, mfugaji mdogo hufuga ng'ombe wachache wa maziwa zizini, akiwakatia nyasi za nepia na kuwakamua mwenyewe. Ukosi wa kielektroniki unaopima mwendo na kucheua, ambao ni msaada mkubwa kwa mkulima wa Ulaya asiyeweza kuwatazama mamia ya ng'ombe wake, haumwambii mengi mtu anayewaona wake watatu asubuhi na jioni. Anachokosa ni uamuzi wa haraka na sahihi kuhusu dalili alizokwisha kuziona.

Ndigana kali inaonyesha jinsi uamuzi huo ulivyo mzito. Ugonjwa huo, unaosababishwa na kimelea kiitwacho Theileria parva na kuenezwa na kupe wa sikio wa rangi ya kahawia, huanza kwa homa kali na kuvimba kwa tezi zilizo chini ya sikio, kisha kupumua kwa shida, na ng'ombe wa kigeni asipotibiwa mapema aghalabu hufa. Homa peke yake yaweza pia kuwa ya ndigana baridi au ya mapafu, na dawa ya ndigana kali si ile ya magonjwa hayo mengine. Kwa hiyo daktari hutoa majimaji ya tezi kwa sindano, huyapaka kwenye kioo, huyatia rangi na kuyachunguza kwa hadubini. Ndigana kali haipatikani nje ya Afrika, ilhali programu za mazungumzo ambazo mfugaji anaweza kuziuliza kwa simu zimefunzwa zaidi kwa maandishi ya Ulaya na Marekani. Programu ya namna hiyo yaweza kutoa jibu fasaha lisilolingana na zizi la Othaya, na jibu hilo likampeleka mfugaji dukani kununua antibiotiki isiyohitajika, ambayo mabaki yake huingia katika maziwa na kuchochea usugu wa vijidudu dhidi ya dawa.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 kuhusu madaktari wa mifugo na wasaidizi wao inataka tiba itolewe na mtu aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, na hakuna sababu ya kulegeza sharti hilo kwa ajili ya mashine. Msaada wa kweli ungekuwa programu iliyo mikononi mwa daktari huyo, inayosoma vioo vya hadubini au kupanga taarifa za magonjwa zinazotumwa kwa simu, huku yeye akithibitisha. Lakini ili ifundishwe, inahitaji maelfu ya kumbukumbu za hapa hapa: joto la mwili, dalili, picha ya kioo, matokeo ya maabara kama ile ya Karatina, dawa iliyotolewa, na kama ng'ombe alipona. Nyingi za kumbukumbu hizo, pale zinapowekwa, zimo katika madaftari ya wahudumu binafsi waliobeba sehemu kubwa ya tiba tangu serikali ilipopunguza huduma zake katika miaka ya 1990. Kuziingiza katika mfumo mmoja wa kaunti, kwa ridhaa ya wafugaji wenyewe, ni kazi inayoweza kuanza leo bila kusubiri programu yoyote, kwa kuwa tayari inamfaa daktari atakayeitwa kesho kumtazama ng'ombe yule yule.