Kujifunza kubuni vyombo vya mbao: mwalimu mzuri hufundisha sababu

Katika miji yetu ya mashariki mwa Congo, useremala ni mojawapo ya kazi ambazo wazazi huwachagulia watoto wao wakati karo ya shule inapokosekana. Iwe Goma, Bukavu, Butembo au Bunia, hutatembea mbali bila kusikia msumeno na kuona vitanda vipya vimepangwa kando ya barabara. Kijana anapelekwa kwa fundi, wazazi wanatoa kiasi cha pesa, na baada ya muda anatoka akijua kukata, kutoboa, kupiga randa (wengi wetu tunasema rabo) na kupaka vanishi.

Jambo hilo ni jema. Lakini tukichunguza tutaona kwamba vijana wengi wanajifunza kutengeneza bila kujifunza kubuni. Wanaweza kurudia kitanda kilekile ambacho bwana wao alizoea kukitengeneza. Mteja akileta picha kwenye simu, wanaiga sura yake. Ukiwauliza kwa nini mguu una unene ule, au kwa nini kiti kina kimo kile, hawana jibu. Ndiyo maana mama aliyeweka akiba mwaka mzima ili anunue meza anaona ubao wake umepasuka kabla mwaka wa pili haujaisha. Hasara ni ya pande mbili: mama amepoteza pesa, na kijana amepoteza jina lake mtaani.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Katika makala hii tunataka kueleza jinsi kubuni kunavyofundishwa, ili wazazi, vijana na viongozi wa makanisa wajue la kutafuta kwa mwalimu.

Kwanza ni mwili wa mtu

Mwalimu mwenye uzoefu haanzi na mbao. Anaanza na mtu atakayekitumia chombo. Kiti cha kulia chakula huwa na kimo cha sentimita 43 hadi 46, kwa sababu hapo nyayo za mtu mzima wa kawaida hukanyaga chini bila magoti kuning'inia. Meza yake huwa na sentimita 72 hadi 76. Kati ya kiti na uso wa meza hubaki karibu sentimita 30, nafasi ya mapaja na ya mikono kufanya kazi. Mwanafunzi akiijua sababu hiyo, hatahitaji kukariri. Akiombwa benchi la watoto wa shule ya Jumapili wenye miaka 5 au 6, atapima miguu yao na kugundua mwenyewe kwamba kimo cha sentimita 30 hivi kinawatosha. Makanisa mengi huwakalisha wadogo hao kwenye mabenchi ya watu wazima, kisha tunashangaa kwa nini hawatulii.

Njia hii ya kufundisha ina historia. Nchini Denmark, mwaka 1924, Kaare Klint alianza kufundisha ubunifu wa samani katika chuo cha kifalme cha sanaa cha Copenhagen. Aliwataka wanafunzi wapime mwili wa binadamu, wapime samani za zamani zilizotengenezwa vizuri, na wapime pia vitu vya nyumbani kama mashati na sahani kabla ya kuchora kabati la kuviweka. Kazi ya mwanafunzi ilianza na kipimo cha maisha yenyewe. Samani za Denmark zilikuja kujulikana duniani kote, na mafundisho yale ni sehemu ya sababu.

Msomaji wa Biblia hatashangaa. Katika Kutoka 25:23, meza ya mti wa mshita inaagizwa kwa vipimo: urefu dhiraa 2, upana dhiraa 1, kimo dhiraa 1 na nusu. Tukihesabu dhiraa kuwa karibu sentimita 45, kimo kile ni kama sentimita 67, si mbali na meza zetu za leo. Dhiraa yenyewe ni kipimo cha mwili, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Tena katika Kutoka 35:34 tunasoma kwamba Bezaleli na Oholiabu walipewa moyo wa kufundisha wengine, pamoja na ustadi wa mikono. Kufundisha kunahesabiwa kuwa kipawa kinachojitegemea.

Pili ni tabia ya mbao

Ubao hautulii hata baada ya mti kukatwa. Hewa ikiwa na unyevu, ubao hupanuka. Wakati wa kiangazi, hunywea. Lakini hupanuka na kunywea kwa upana wake, na kwa urefu wake hubadilika kidogo sana. Jambo hilo moja linaeleza sehemu kubwa ya meza zinazopasuka. Fundi amepigilia ubao mpana kwa misumari pande zote, nao ukitaka kunywea hauna nafasi, basi unachanika. Mwalimu anayejua ataonyesha dawa yake: uso wa meza ufungwe kwa parafujo zilizo katika matundu marefu kidogo, ili usogee bila kuumia. Na mlango wa kabati utengenezwe kama fremu yenye mfereji, ubao wa katikati ukae ndani ya mfereji bila gundi.

Kukausha nako ni sehemu ya kubuni. Kanuni ya zamani ya mafundi ni karibu mwaka mmoja wa kukausha hewani kwa kila sentimita 2 na nusu za unene, mbao zikiwa kivulini na vijiti vikiwekwa kati yao ili upepo upite. Mkaratusi hujipinda na kupasuka upesi unapokauka vibaya. Mvule hutulia zaidi, lakini bei yake ni kubwa. Afrormosia, mti wa misitu yetu wenye sifa duniani, umewekwa tangu mwaka 1992 katika orodha ya kimataifa ya CITES inayosimamia biashara ya miti iliyo hatarini. Basi mwanafunzi anapoharibu ubao mmoja kwa haraka, amepoteza mti uliokua miaka mingi kuliko umri wake.

Tatu ni nguvu ya maungio

Kiti huvunjika wapi? Mara nyingi ni pale mguu wa nyuma unapokutana na mbao ya kando ya kikalio, kwa sababu mtu akiegemea nyuma, uzito wake wote husukuma hapo. Msumari peke yake hauwezi kuvumilia. Fundi huchonga ulimi wa mbao unaoingia katika tundu la mguu, kisha hutia gundi. Kwa kawaida ulimi huo huwa na unene wa karibu theluthi moja ya mbao yenyewe: ukiwa mwembamba zaidi utakatika, ukiwa mnene zaidi kuta za tundu zitabaki dhaifu.

Rafu ya vitabu ina hesabu yake pia. Ukiongeza unene wa ubao mara 2, na mzigo na urefu vikabaki vilevile, ubao utapinda sehemu moja tu ya 8 ya ulivyopinda kwanza. Kwa hiyo rafu ya Biblia na vitabu vya nyimbo inayolegea katikati haihitaji mbao ghali zaidi. Inahitaji ubao mnene kidogo, au mguu wa ziada katikati.

Mfano tulio nao mikononi ni chukudu, ambayo imejengewa hata sanamu mjini Goma. Fundi wa chukudu amefikiri juu ya barabara ya mteremko, magunia ya viazi, goti la msukumaji na mpira unaofunika gurudumu. Hakuna kipande kisicho na kazi. Huo ni ubunifu kamili, ijapokuwa waliouanzisha hawakuuita hivyo.

Jinsi somo linavyokwenda

Mwalimu mzuri humpitisha mwanafunzi katika hatua zinazofuatana. Kwanza kuuliza: nani atakitumia, kitakaa wapi, kitapita mlangoni? Pili kuchora chombo kikionekana kwa mbele, kwa upande na kwa juu, vipimo vikiwa vimeandikwa. Tatu kukichora kwa ukubwa wake halisi kwenye kartoni au ukutani, kwa maana kosa la penseli hufutika, kosa la msumeno halifutiki. Nne kutengeneza mfano mdogo wa kartoni. Tano kuhesabu mbao, gundi, vanishi na siku za kazi, ili bei isiwe ya kubahatisha. Ndipo mbao hukatwa. Mwishoni watu hukikalia chombo, na mwanafunzi husikiliza wanachosema bila kujitetea.

Penseli, kartoni na meta havigharimu pesa nyingi. Kinachokosekana mara nyingi ni moyo wa kugawana. Baadhi ya mafundi huficha vipimo vyao wakiogopa kwamba mwanafunzi wa leo atakuwa mshindani wa kesho. Tunaielewa hofu hiyo, maana ni watu wenye watoto wa kulisha. Lakini fundi anayeficha huzikwa na ujuzi wake, na kijana aliyetoka kwake akiuza vitanda vibovu huharibu sifa ya soko zima, hata ya fundi aliyemfundisha.

Kwa hiyo tunatoa mashauri matatu. Mzazi anayempeleka mtoto kwa fundi aulize: je, utamfundisha kuchora, na utamweleza sababu? Jibu hilo lina uzito kuliko idadi ya mashini zilizo katika karakana. Kijana aliye tayari kazini awe na daftari, aandike kila kipimo pamoja na sababu yake, na akitaka kuendelea aulize juu ya mafunzo ya INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964. Na makanisa yetu, ambayo ni wateja wakubwa wa mabenchi, mimbari na milango, yawaombe mafundi mchoro wenye vipimo kabla ya kutoa malipo ya kwanza. Mchoro huo ukihifadhiwa, kijana wa kesho atakuwa na kitu cha kujifunzia hata kama fundi wake hayupo tena.