Je, Wajua? Tumbo Linaposokota

Je, wajua kwamba kinachouambia utumbo ujikaze ni kemikali iitwayo asetilikolini? Neva huimwaga, msuli ukabana. Dawa za antikolineji huziba mahali inapotua, na msuli hulegea. Ndiyo maana hupewa wenye IBS, maradhi ya utumbo nyeti: tumbo huuma mara kwa mara, huku mtu akiharisha, akifunga choo, au yote mawili kwa zamu.

Je, wajua kwamba kazi ya kemikali hiyo kwenye neva ilifichuliwa kwa ndoto? Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi aliamka usiku, akaandika jaribio aliloliota, na asubuhi hakuweza kusoma mwandiko wake mwenyewe. Usiku uliofuata ndoto ikarudi. Safari hii akaenda moja kwa moja maabara. Aliisisimua neva ya moyo wa chura, mapigo yakapungua. Akachukua majimaji ya moyo ule, akaumiminia moyo wa chura mwingine, nao ukapunguza mwendo! Mwaka 1936 alipata tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale.

Je, wajua kwamba mnanaha unaoota kandokando ya njia zetu una atropini na haiosini, dawa mbili za kundi hilihili la antikolineji? Usiuguse kwa tiba ya nyumbani. Mbegu zake hukausha kinywa, hutanua mboni, humfanya mtu aweweseke, na zimewahi kuua.

Buscopan, dawa ya tumbo iliyoanza kuuzwa Ujerumani miaka ya mwanzo ya 1950, ni haiosini iliyobadilishwa ili isipenye kwa urahisi hadi kwenye ubongo.

Je, wajua kwamba pamoja na umri huo wote wa dawa hizi, wataalamu bado hawakubaliani kuhusu kuzitumia kwa IBS? Mwaka 2021 mwongozo wa madaktari wa tumbo wa Marekani ulishauri dawa za kulegeza utumbo zinazopatikana nchini humo zisitumike kwa IBS. Wenzao wa Uingereza, mwaka uleule, walisema baadhi zaweza kusaidia, ila ushahidi ni dhaifu sana.

Ugumu wenyewe huu hapa: mwaka 2010, huko Boston, wagonjwa 80 wa IBS walishiriki utafiti ambapo baadhi walipewa vidonge visivyo na dawa, tena wakaambiwa waziwazi. Asilimia 59 ya waliovimeza walisema wamepata nafuu ya kutosha, dhidi ya 35 ya wasiopewa kidonge. Kwa hiyo dawa yoyote ya IBS isiyopimwa dhidi ya kidonge kitupu, mimi siiamini.

Amitriptilini, dawa nyingine inayozuia asetilikolini, ilipimwa hivyo kwa wenye IBS. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2023, wenye watu 463, ulionyesha kuwa miligramu 10 hadi 30 kwa siku zilipunguza dalili kuliko kidonge kitupu.

Je, wajua kwamba Piriton ya mafua nayo huzuia asetilikolini? Mzee akiimeza juu ya dawa ya tumbo, athari hujumlishana: kinywa kikavu, macho yenye ukungu, choo kigumu, mkojo kugoma, hata kuchanganyikiwa. Akienda kwa mfamasia, abebe vidonge vyote anavyotumia.