Swali la Mpemba na Tatizo la Utafiti

Haya wajukuu, sogeeni. Iko siku mtaambiwa, shuleni au chuoni, mwandike tamko la tatizo la utafiti. Wengi mtajaza kurasa mbili za umuhimu wa elimu na maendeleo ya taifa, kisha mwalimu atazirudisha akiwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Tatizo liko wapi?" Kabla hayajawakuta, sikilizeni kisa cha mwanafunzi aliyeweza kulitaja tatizo lake kwa maneno machache, mpaka msomi mzima akaondoka nalo kwenda kulipima.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, huko Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Siku moja mwenzake, kwa kuogopa kuikosa, alichanganya sukari na maziwa yasiyochemshwa akayaweka. Mpemba naye akaona akisubiri yake yapoe atakuta pamejaa, akayatia yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi akafungua: yake yameganda, ya mwenzake bado ni majimaji mazito.

Akamwendea mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Msimcheke mwalimu haraka. Hebu litazameni swali lenyewe lilivyokuwa: maziwa haya yalichemshwa, yale hayakuchemshwa. Je, kiasi kilikuwa sawa? Vyombo vilifanana? Joto lilikuwa nyuzi ngapi? Hakuna aliyepima. Swali lenye matundu mengi hivyo, mtu hulitupa bila kutoka jasho.

Alipofika sekondari ya juu Mkwawa, Iringa, akafundishwa kanuni ya Newton ya upoaji. Akauliza tena. Mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Basi ikawa utani wa darasa: akikosea hesabu, wanasema hiyo ni hisabati ya Mpemba. Yeye akanyamaza, ila alipopata nafasi katika maabara ya biolojia akachukua bika mbili ndogo, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akazitia kwenye jokofu. Hakukuwa na maziwa tena, wala sukari. Alipotazama baadaye, barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye ile iliyoanza na maji ya moto. Aliona jaribio moja halitoshi, lakini swali lake lilikuwa limeshaanza kupungua matundu.

Ndipo Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipoitembelea shule. Wanafunzi walipopewa nafasi ya kuuliza, Mpemba akasimama. Swali lake lilikuwa hivi kwa maana: chukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya kiasi kimoja, kimoja cha nyuzi joto 35, kingine cha nyuzi 100, uvitie kwenye jokofu, kile cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda. Kwa nini?

Wenzake wakaangua kicheko. Lakini lichambueni swali hilo. Vyombo vinafanana, kwa hiyo huwezi kusingizia chombo. Kiasi ni kimoja, huwezi kusingizia wingi. Joto limetajwa kwa tarakimu. Kimebaki kitu kimoja tu kinachotofautiana, na hicho ndicho kinachoulizwa. Osborne hakuamini, ila hakuwa na pa kulitupia. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara ajaribu, na fundi akarudi na jibu kwamba maji ya moto yametangulia. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education.

Sasa tuandike tamko la tatizo la Mpemba kama linavyotakiwa chuoni. Kwanza, kinachoaminika: maji ya moto, ili yagande, lazima kwanza yashuke mpaka kwenye joto la yale ya baridi, hivyo hutarajiwa kuchelewa. Pili, kinachogongana na imani hiyo: katika majaribio yenye vyombo na viwango sawa, ya moto yameonekana kutangulia. Tatu, kisichojulikana: ni hali gani zinazoleta matokeo hayo. Sentensi tatu zinatosha. Umuhimu wa elimu kwa taifa una mahali pake kwingine.

Hata hivyo, swali zuri nalo huweza kubaki na ufa. Kuganda ni kufika nyuzi sifuri, kuanza kufanya barafu, au kuwa barafu tupu mpaka chini? Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walipima muda wa maji kufika nyuzi sifuri, na hawakuona ushahidi kwamba ya moto hutangulia. Walionyesha pia kwamba kipimajoto kikipanda au kushuka kidogo tu ndani ya chombo, matokeo yanaweza kugeuka. Ubishi unaendelea, na sehemu kubwa ya ubishi huo ni kuhusu kipi hasa kipimwe.

Si fizikia peke yake. "Wanafunzi hawapendi kusoma" ni lalamiko. Lakini ukisema shule ina vitabu vya hadithi, kuna kipindi cha kusoma kila Ijumaa, na bado daftari la maktaba linaonyesha kidato cha pili huacha kuazima baada ya mwezi wa kwanza wa muhula, wala haijulikani kwa nini, hapo una tatizo la utafiti. Mtu anajua aende wapi, afungue daftari gani, amuulize nani.

Kwa hiyo, ukimaliza kuandika lako, mpe mtu ambaye hajawahi kukusikia ukilizungumza, nawe ukae kimya. Akikuuliza, "Sasa nipime nini?" chukua kalamu uandike upya. Akianza kutafuta vifaa, peleka kwa mwalimu.