Ruzuku ya umeme, sola na gesi: mkulima wa korosho apige hesabu gani?

Mada ya leo siyo salfa wala ubwiri unga. Katika mikutano ya AMCOS niliyohudhuria msimu huu, swali lililonijia mara nyingi kuliko la dawa ni hili: "Afisa, hizi ruzuku za nishati tunazozisikia redioni, sisi tunazipataje? Na je, zina faida kweli?"

Jibu fupi: zipo, baadhi unazilipia mwenyewe bila kujua, na faida yake inategemea unalipa lini na unaishi wapi. Tuanze na hiyo ya kulipia bila kujua.

Chukua risiti ya LUKU. Ukinunua umeme wa shilingi 1,000 kwenye bei ya mtumiaji mdogo wa nyumbani (ile wanaita D1), risiti inaonyesha umeme wenyewe ni kama shilingi 820, VAT kama 148, EWURA 8, na REA kama 25. Hiyo REA ni Wakala wa Nishati Vijijini, uliotokana na Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005. Asilimia 3 ya kila umeme unaouzwa nchini inaingia kwenye mfuko wao, na kuna tozo nyingine kwenye mafuta. Kwa hiyo bibi wa Kitangari anayenunua umeme wa buku amechangia ruzuku. Tukienda kuidai, tunadai cha kwetu.

Nguzo ikifika, hiyo ndiyo ruzuku kubwa

Kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000. Mjini, njia moja bila kuhitaji nguzo, ni shilingi 320,960. Tofauti hiyo yote inabebwa na mradi. Sijaona ruzuku nyingine ya nishati inayomfikia mkulima mmoja mmoja kwa kiasi hicho, lakini kuna watu nguzo imepita mbele ya mlango miaka miwili na bado wanasema wanasubiri kujipanga.

Najua sababu. Ile 27,000 haihusu nyaya za ndani ya nyumba. Fundi anataka hela yake, na nyumba nyingine ni ya vyumba viwili tu, mtu anaona haina haja. Kwa nyumba kama hiyo uliza kifaa kinachoitwa UMETA, yaani Umeme Tayari. Ni kiboksi kimoja chenye soketi na sehemu za taa, kinafungwa ukutani bila kutandaza nyaya nyumba nzima. Ulizia kwa mkandarasi akiwa bado yupo kijijini, maana akishaondoka unabaki kufuatilia mwenyewe.

Sasa hesabu. D1 ni shilingi 100 kwa uniti, ukiweka kodi na tozo inakuwa 122. Taa nne za LED za wati 9, zikiwaka saa tano kila usiku, zinakula uniti 5.4 kwa mwezi. Hiyo ni kama shilingi 660. Kwa mwezi mzima! Ukiweka globu nne za njano za wati 60, usiku ule ule, mwanga ule ule, unakula uniti 36, kama shilingi 4,400. Globu ya njano ni rahisi dukani, lakini inakutoza kila usiku, na sehemu kubwa ya umeme wake inatoka kama joto, siyo mwanga. Hakuna ofisi ya kuomba ruzuku hii. Unabadilisha globu tu.

Kingine cha kuangalia ni uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka hapo, kila uniti ya ziada kwenye D1 ni shilingi 350, na kodi zake inafika kama 427. Ukiendelea kuvuka mara kwa mara unaweza kuhamishiwa kundi la T1, ambako shilingi 1,000 inakupa uniti 2.8 badala ya 8.2. Mwenye friji ya kuuzia maji na soda anaweza kufika huko bila kustukia. Kama friji ni biashara, weka gharama hiyo kwenye bei ya soda. Kama ni ya kupozea maji ya kunywa nyumbani tu, fikiria tena.

Sola ya kulipa kidogo kidogo, na kangomba

Hapa naomba tukae, maana ndipo hela nyingi zinapopotelea.

Mfumo wa kulipia sola kwa simu ulianzia Kenya na Arusha miaka ya 2011 na 2012, ukaenea. Unatoa kianzio, unafungiwa paneli, betri, taa na redio, halafu unalipa kila siku au kila wiki. Usipolipa, mtambo unajifunga. Ni mfumo mzuri kwa dereva wa bodaboda au mama mwenye genge, anayeshika hela kila siku. Mkulima wa korosho hayuko hivyo. Sisi hela inaingia mnada ukishaanza, Oktoba mpaka karibu Januari. Kuanzia Mei mtu ananunua salfa ya kuongezea, anapalilia, na mfuko umekauka.

Tuseme malipo ni shilingi 800 kwa siku kwa miaka miwili, na kianzio 30,000. Jumla ni shilingi 614,000. Tuseme mtambo kama huo, taslimu, unapatikana kwa 380,000. Tofauti ya 234,000 ni bei ya kukopeshwa, na siyo dhambi, muuzaji naye amefunga mtaji wake. Lakini hesabu haiishii hapo. Ifikapo Julai mtambo umejifunga, watoto wanasoma kwa tochi ya simu, na jirani fulani anakuja na bakuli lake: "Nipe korosho zako za msimu ujao, nikupe hela leo." Hiyo ni kangomba, wote tunaijua.

Kilo ambayo tuseme mnadani ingekupa 3,000, yeye anakupa 1,500. Mwezi mmoja wa sola ni shilingi 24,000. Kwa kangomba umetoa kilo 16, wakati kwa mnada kilo 8 zingetosha. Kwa miezi minne, Juni mpaka Septemba, umetoa kilo 64 badala ya 32. Hizo kilo 32 za ziada hazionekani kwenye mkataba wa sola hata ukiusoma mara tatu, lakini zimelipwa na mkorosho wako.

Kwa hiyo mimi nashauri hivi. Kama nguzo ipo au imeshapimwa kwenye kitongoji chako, usiingie mkataba wa miaka miwili, subiri nguzo. Linganisha mwenyewe shilingi 660 na 24,000 kwa mwezi. Kama uko kitongoji cha mbali au unalala shambani kulinda, nunua sola, lakini nunua msimu wa mnada. Ukiweza taslimu, nunua taslimu. Ukishindwa, mifumo mingi ya simu inakubali kulipia siku nyingi kwa mkupuo, hivyo hela ya mnada ikiingia lipia mpaka Oktoba inayofuata. Kabla ya kuweka saini muulize wakala maswali mawili: nikilipia siku 200 kwa pamoja napata punguzo? Na mtambo ukijifunga miezi mitatu, mnauchukua au mnasubiri? Akibabaika, mwache aende.

Kuhusu msamaha wa kodi: paneli za sola zipo kwenye orodha ya bidhaa zilizosamehewa VAT Tanzania. Msamaha huo unamshukia muuzaji, na kama ataupitisha kwako ni juu ya ushindani wa maduka. Ukinunua duka kubwa, dai risiti ya EFD na uangalie kama paneli imepigwa VAT. Ikiwa imepigwa, uliza. Na tafadhali, paneli ya bei ya kutupa isiyo na wati wala jina nyuma yake usiinunue, hata kama muuzaji ni mjomba wako.

Gesi: mtungi ni nusu bei, kujaza ni bei kamili

Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo 2034. Chini ya mpango huo REA imekuwa ikisambaza mitungi ya kilo 6 vijijini kwa ruzuku ya asilimia 50, ukienda na kitambulisho cha NIDA. Majiko banifu nayo yametolewa kwa ruzuku kubwa zaidi. Kama hujapata, muulize mtendaji wa kijiji ratiba ya msambazaji, na NIDA yako iwe mkononi.

Ila ruzuku hiyo ni ya mtungi wa kwanza. Ukiisha unajaza kwa bei ya duka. Akina mama wa Lulindi waliniambia waziwazi: "Baba, kuni zangu ni matawi ya mkorosho niliyopogoa na miti ya mbaazi, sinunui. Gesi nanunua." Wako sahihi, siwezi kubishana nao. Ninachowaambia ni kugawa kazi. Gesi ipike chai, uji wa watoto wa asubuhi na kupasha mboga, vitu vya dakika chache. Mbaazi kavu na njugu mawe zibaki kwenye jiko banifu la kuni, ambalo likijengwa vizuri linaweza kupunguza kuni karibu nusu ukilinganisha na mafiga matatu. Na mwenye umeme wa D1 akipata jiko la presha la umeme, mbaazi nusu kilo inaiva kwa chini ya uniti moja, yaani chini ya shilingi 122. Watu hawaamini mpaka waone mita.

Kuna swali halikosekani: "Gesi iko Mnazi Bay hapo Mtwara, kwa nini tununue mtungi?" Gesi ya Mnazi Bay ni gesi asilia, inasafiri kwa bomba, na ndiyo inayozalisha umeme wetu. Gesi ya mtungi ni aina nyingine, inaletwa kwa meli kutoka nje. Huwezi kujaza mtungi wako kwenye bomba lile. Kwa hiyo mwenye LUKU anayepikia umeme ndiye anayekula gesi ya Mtwara, kwa njia ya kuzunguka.

Bayogesi nitaipita haraka. Mpango wa taifa ulianza 2009 chini ya CAMARTEC, Arusha, ukiwa na ruzuku ya ujenzi, ukafanya vizuri kwa wenye ng'ombe wa zizini. Mtambo unataka kinyesi kila siku na maji karibu kiasi hicho hicho. Juu hapa Newala, ambako maji yenyewe yanapandishwa kwa pampu kutoka bondeni, sikushauri. Mwenye ng'ombe Masasi aje tuongee.

Pampu ya sola kwa bustani

Kwa wanaolima nyanya na mchicha mabondeni kiangazi, hapa kuna faida ya kweli. Tuseme pampu ya petroli inakunywa lita 2 kwa siku, siku tatu kwa wiki, wiki 22. Ni lita 132. Petroli ikiwa 3,000, umetumia 396,000 kwa msimu mmoja, na mwakani tena. Pampu ya sola inadai hela nyingi mwanzoni, kisha jua halikuletei bili.

Hela ya mwanzoni ndiyo tatizo, na hapa kuna mlango ambao vikundi vyetu havigongi vya kutosha: mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na haina riba. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Njia nyingine ni mikopo ya kilimo ya benki. CRDB na NMB waliishusha riba hadi asilimia 9 kwa mwaka, lakini benki itataka kuona mauzo yako yamepita AMCOS. Aliyeuza kwa kangomba hana karatasi ya kuonyesha.

Kabla ya kuandika andiko la mkopo, pima kina cha maji. Pampu ya juu ya ardhi inavuta kama mita 7 tu kwenda chini. Zaidi ya hapo unahitaji ya kuzamisha, na bei inapanda. Juu ya uwanda wetu maji yako mbali mno chini, usimsikilize muuzaji anayekwambia paneli mbili zitayafikia. Kikundi kikiwa tayari, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata na katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, akaunti ya benki na vitambulisho. Mimi nije kupima kisima na kuandika sehemu ya kilimo ya andiko. Nipigieni kabla ya Alhamisi, maana Ijumaa nakuwa kwenye ghala.